Mdomo wa Kutolea

Nyumba ya Sikitu ilikuwa inapiga mluzi. Haukuwa mluzi wa upepo. Upepo tunaujua, hauna adabu, unampigia kelele yeyote na popote. Huu ulikuwa mluzi wa mtu aliye katika shughuli zake, mwembamba, wa sauti tatu, mbili za kupanda na moja ya kushuka, na ulitoka kwenye tundu la ufunguo la mlango wa mbele. Marehemu Mbaruku, mume wa Sikitu, alikuwa na pengo la jino la juu, na kila alipoinama kazini mluzi ulimtoka kwenye pengo hilo bila mwenyewe kujua. Mbili za kupanda, moja ya kushuka. Watu wa mtaa walijua Mbaruku yuko juu ya dari la nani kwa kusikiliza tu. Sasa Mbaruku alikuwa chini ya ardhi na mluzi ulikuwa mlangoni, na Sikitu, mwanamke mwenye akili zake timamu ambaye hata siku ya mazishi hakuzimia wala hakupiga yowe, alivuta kigoda, akakaa mbele ya tundu lile na kusema, "Nakusikia, bwana. Usiondoke."

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo zamani, lakini lilikuwa jina refu, kulitamka kulihitaji pumzi nyingi, na huko pumzi hazichezewi. Uko juu sana, mahali ambapo baridi haiji na kuondoka. Baridi ndiyo mwenyeji, watu ndio wageni. Wahenga wa mji walichoka kutetemeka, wakaamua kuziba nyumba. Waliziba mianya ya madirisha kwa lami, wakaziba nyufa za kuta kwa udongo na nta, wakaziba hata pale anapopita sisimizi, kisha wakakaa ndani wakiota joto lao wenyewe. Wakafurahi sana. Waliokuja kuwatembelea waliwakuta wamezunguka meza, vichwa vimelala juu ya mikono, kama watoto waliosinzia darasani, na hakuna aliyeamka.

Waliobaki ndio waliotoboa midomo. Kila nyumba ikapewa midomo miwili: mmoja wa kuingizia hewa mpya, mmoja wa kutolea hewa iliyokwisha tumika. Kati ya midomo hiyo, juu ya dari, wakaweka sanduku wakaliita Pafu, na ndani ya Pafu wakapanga karatasi nyembamba, nyingi, kama kurasa za kitabu. Hewa inayotoka hupita upande mmoja wa kila karatasi, na inayoingia hupita upande wa pili. Hazichanganyiki. Hazionani. Lakini inayotoka imebeba joto la jiko na la miili ya watu, na inapopita huliacha kwenye karatasi. Na inayoingia, iliyotoka nje na baridi ya kukata masikio, huliokota hapo. Basi hewa huingia ikiwa mpya na yenye vuguvugu, hutoka ikiwa imechoka na ya baridi, na nyumba haipotezi kitu isipokuwa kile kilichokwisha kazi yake. Sharti ni moja tu: kiasi kinachoingia na kiasi kinachotoka vilingane. Kazi ya Mbaruku ilikuwa hiyo, kupanda ngazi za watu na kulinganisha.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu, mnisamehe, kwa sababu swali lote limekaa hapo. Mbaruku alilibeba swali hilo kutoka dari hadi dari kwa maisha yake yote, na jioni alimrudia nalo mkewe kana kwamba ndilo posho ya siku. "Sikitu," angesema akivua viatu, "hivi inawezekana mtu kumpa mwenzake kila alicho nacho, bila kumgusa?" Na Sikitu angemjibu kwamba inawezekana kabisa, ndivyo anavyompa yeye chakula kila siku na hata asante haipati. Wakacheka. Miaka thelathini na kitu walicheka jibu lile lile, na hakuna aliyelichoka.

*

Mji ule una desturi yake ya msiba. Mtu akifa ndani ya nyumba, mdomo wa kutolea hufungwa papo hapo, ili pumzi yake ya mwisho isitangulie kuondoka na kuuacha mwili peke yake ukivishwa sanda. Si adabu. Mwili ukishazikwa, yule aliyefunga hupanda tena ngazi, hufungua, na husema maneno matatu: "Nenda, utuachie joto." Hakuna mwingine anayeruhusiwa. Mkono uliofunga ndio unaofungua, hata uwe wa mgonjwa, hata ikabidi watu wambebe.

Sikitu alifunga. Alichukua koti la kazi la Mbaruku, lile la mifuko minane, akalikunja, akalisokomeza kwenye koo la mdomo wa kutolea, ndani kabisa ya Pafu, mpaka kiganja kikamuuma. Watu waliporudi kutoka makaburini walimkuta jikoni, mikono ina vumbi la dari.

"Umefungua?" wakamuuliza.

"Nimefungua."

"Na maneno umesema?"

"Nimesema."

Wakanawa mikono, wakala, wakamwambia Mungu ampe subira, wakaenda zao.

Yeye hakuuona kuwa ni uongo. Aliuona kuwa ni kuahirisha. Nitafungua kesho, alijiambia, na katika mji ule kesho ni kitu kigumu kukishika, maana hawana kalenda ya ukutani. Huhesabu siku kwa chujio, kitambaa kile cheupe kinachokaa kwenye mdomo wa kuingizia na kukamata vumbi. Chujio likigeuka jeusi, msimu umepita. Sikitu aliliona la kwanza likigeuka kijivu, kisha jeusi, akalitoa, akaweka jipya, na hakuamini kwamba hiyo ilikuwa zaidi ya siku moja. Chai aliyoiandaa ilikuwa ile ile ya siku ya kifo. Vikombe vilikuwa viwili. Alipokaa upande wake wa kitanda alikaa kwa tahadhari, asimwamshe mtu.

Na mluzi ukaanza. Siku ya tatu, au msimu wa tatu, au saa ya tatu baada ya wageni kuondoka. Yeye mwenyewe hawezi kuapa. Kwanza ulikuwa hafifu, kisha ukashika sauti zake tatu. Naye akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akalia.

Ilifuata baridi. Ilitoka kwenye mdomo wa kuingizia, ikashuka ukutani, ikatambaa sakafuni. Mke wa fundi angetakiwa kujua kwa nini. Miaka yote ile aliyosikia habari za karatasi na joto, angetakiwa kusema: hewa ya kutoka imezuiwa, haipiti kwenye karatasi, haiachi kitu, basi inayoingia inaokota nini? Lakini huzuni haina kumbukumbu ya mambo ya kazi. Sikitu aliushika ukuta, akasikia ulivyo baridi, akakumbuka paji la uso la Mbaruku alipolibusu mara ya mwisho. Wafu ni baridi, akasema moyoni. Basi yuko karibu kabisa.

Akavaa sweta mbili, akafurahi. Ilikuwa furaha ya ajabu, na mimi ninayeisimulia sijui niionee huruma au niiogope.

*

Hapo ndipo aliporudi Mwanahawa, binti yao wa pekee, tumbo likiwa mbele, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Akajifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Tunu. Tunu alizaliwa na sauti. Mkunga alisema hajawahi kusikia kitoto chenye mapafu kama yale, huyu babu yake kamrithisha Pafu zima zima. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na kilio na mluzi, na Sikitu aliyekaa katikati alijihisi tajiri.

Lakini baridi ilimshukia mtoto. Kitanda chake kilikuwa chini ya mdomo wa kuingizia, kama desturi inavyotaka, ili mtoto apate hewa kabla ya mtu yeyote. Mwanahawa alipogusa miguu ya mwanawe akaikuta kama ya chura, akachukua kanga, akaikunja mara nne na kuuziba mdomo ule. Hakujua kwamba ule mwingine nao umezibwa. Angejuaje? Mama yake alisema amefungua, na mji mzima ulikula ubwabwa wa kufungua.

Kwa hiyo nyumba ikafungwa huku na huku, na kila mkono uliofunga ulifunga kwa upendo. Mluzi ukafifia. Ukabaki sauti mbili, kisha moja, kama ya mtu anayezungumza akiwa amefunikwa mto. Sikitu alishtuka kigodani. Anakufa tena, akawaza, mara hii anakufa mbele yangu nami nimekaa. Akazunguka nyumba akitafuta kilichomdhuru, akaiona kanga, akaichomoa. Mluzi ukarudi. Baridi nayo ikarudi juu ya mtoto.

Mwanahawa akairudisha kanga. Sikitu akaitoa. Mwanahawa akirudi kutoka kuoga anaikuta juu ya kiti, imekunjwa vizuri kama nguo ya mgeni.

"Mama, nani anatoa kanga yangu?"

"Kanga gani?"

"Mama."

"Hewa inataka njia, mwanangu."

"Na mwanangu anataka joto. Tazama miguu yake."

Sikitu hakuitazama miguu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mlango.

Ndipo kuta zikaanza kutoa jasho. Asubuhi matone yalishuka kwenye vioo, yakajaa kwenye vizingiti. Pembeni mwa dari kukaota ukungu mweusi, doa kwanza, kisha ramani ya nchi nzima. Unga ukaganda kwenye mfuko. Mwanahawa akaamka na kichwa kizito, akalala nacho, akasahau jina la kijiko akiwa amekishika mkononi. Na Tunu, mwenye mapafu ya babu yake, akaanza kulala. Alilala akinyonya, alilala akiogeshwa. Alipiga miayo, midomo imefunguka kama ya samaki kwenye karai, kisha akalala tena. Ukimfinya kidole anakunja uso, lakini kilio hakitoki.

"Mama," Mwanahawa alisema siku moja, akiwa amesimama katikati ya chumba na mtoto begani, "mtoto halii tena."

"Ametulia. Hata wewe ulikuwa mtulivu."

"Hajatulia, mama. Amechoka. Mtoto wa siku ishirini amechokaje?"

Akamlaza mtoto, akajifunga, akatoka kwenda kumwita fundi.

*

Songoro alikuwa fundi wa kulinganisha kama Mbaruku. Walifundishwa ngazi moja, siku moja, na walianguka kwenye ngazi hiyo hiyo, mmoja juu ya mwenzake. Alikuwa mtu mnene mwenye ulimi wa kutania, na vifaa vyake vyote vilikuwa unyoya mmoja wa kuku, mweupe, aliouhifadhi ndani ya kibati cha peremende.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Shemeji yangu yuko wapi? Shemeji, mbona umekaa mlangoni kama bawabu? Unamzuia nani asiingie?"

Sikitu alisogeza kigoda kidogo tu ili mlango upate kufunguka. Songoro alipoingia alinusa hewa mara moja, na mzaha wote ukamtoka usoni. Akatoa unyoya. Akaitoa kanga kwenye mdomo wa kuingizia, akauinua unyoya hapo, nao ukarushwa mbele, ukacheza. Akaenda upande wa pili wa chumba, chini ya mdomo wa kutolea, pale ambapo unyoya unatakiwa kunyonywa juu na kung'ang'ania wavu. Akauachia. Unyoya ukaanguka chini, taratibu, ukatua juu ya kidole chake cha mguu.

Akauokota, akauachia tena. Ukaanguka tena.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Mbaruku alizikwa lini?"

"Juzi," alisema Sikitu.

Mwanahawa akamtazama mama yake. "Mama, tangu baba azikwe umebadilisha chujio, na hili la sasa limeanza kuwa jeusi."

"Juzi," alisema Sikitu tena, kwa sauti ndogo.

Mluzi ukasikika wazi, kwa kuwa kanga ilikuwa imetolewa. Mbili za kupanda, moja ya kushuka. Songoro aliufahamu. Kwa kitambo akasimama na unyoya wake mkononi, na machozi yakamlengalenga, maana naye alikuwa hajausikia tangu siku ile. Kisha akatembea hadi mlangoni, akainama kwa shida kwa sababu ya tumbo lake, akaliziba tundu la ufunguo kwa kidole gumba.

Mluzi ukakatika.

"Toa mkono!" Sikitu aliruka kutoka kigodani. "Unamziba mdomo! Songoro, unamziba mwenzako mdomo!"

Songoro akaondoa kidole, na mluzi ukarudi. Akamshika Sikitu mkono, akauweka mbele ya tundu, upande wa ndani. "Unasikia nini mkononi?"

"Nasikia anapita."

"Anaenda wapi?"

Sikitu akausogeza mkono karibu zaidi na tundu.

"Anaenda wapi, shemeji? Anaingia au anatoka?"

Aliutazama mkono wake. Nywele ndogo za nyuma ya kiganja zilikuwa zimelala kuelekea mlangoni.

"Anatoka," alisema.

"Hewa inaingia nyumbani kwako kila dakika na haina pa kutokea. Imejaa mpaka kooni. Imelipata hili tundu, inalitumia. Mimi sikatai kwamba ni yeye. Nani mimi nikatae? Mluzi ni wake, hata kiziwi angeujua. Ila wewe tangu siku ile unamsikia anaimba, hujasikia anachoomba."

Mwanahawa ndiye aliyeelewa kwanza, na hasira ilimjia kabla ya huruma. "Ulituambia umefungua. Ulisema maneno umeyasema. Watu walikula, mama! Nimemzaa mwanangu ndani ya..." Akashindwa kulitaja jina la kitu hicho. Akamchukua Tunu kitandani, akamwinua mbele ya uso wa bibi yake. Kichwa cha mtoto kililala upande. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alipiga mwayo mmoja mrefu, mrefu kuliko kimo chake, na hakufungua macho. "Mtazame huyu. Yule umemtazama vya kutosha."

Na Sikitu akamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mluzi uanze kwamba alikitazama kitu chochote kilicho hai. Akaona kwamba mtoto alikuwa anavuta pumzi haraka haraka, kifua kidogo kikipanda na kushuka, akifanya kazi ya mtu mzima kutafuta kitu ambacho ndani ya nyumba ile hakikuwapo.

"Fungua wewe," alimwambia Songoro. "Wewe ni fundi. Mimi siwezi."

"Mkono uliofunga ndio unaofungua."

"Ni desturi tu."

"Ni desturi, ndiyo. Mwanahawa atamtoa mtoto nje kwenye baridi akipenda, akampeleka kwa jirani, na wewe ukabaki hapa na mwenzako mpaka wote wawili mlaze vichwa mezani. Hilo pia linawezekana. Mficha maradhi, shemeji, kifo humuumbua." Alisimamisha ngazi chini ya mlango wa dari, akaikaza. "Mimi nitaishika ngazi. Zaidi ya hapo sina mkono."

Sikitu alikaa akaangalia ngazi. "Nikifungua, joto lake litabaki?"

"Litabaki."

"Na harufu yake?"

"Harufu haipiti kwenye karatasi."

"Na sauti?"

Songoro alikuna shingo. Angeweza kudanganya, na mtu mwingine angedanganya. "Sauti nayo haipiti. Joto hupita. Na unyevu, kidogo sana, kwa karatasi hizi zetu. Basi."

*

Ngazi ilikuwa na vipandio tisa. Ninavyoelezwa, alipanda zaidi ya tisa.

Kwenye cha pili alikuwa bibi harusi, anapanda kuonyeshwa Pafu la nyumba yake, na mume wake kijana anaishika ngazi na kuchungulia vifundo vya miguu yake, mjinga yule. Kwenye cha nne alikuwa na mimba ya Mwanahawa na hakupaswa kupanda. Kwenye cha tano hakuwa yeye. Mikono iliyoshika ngazi ilikuwa mikubwa, ina makovu ya bati, kidole cha pete kimevunjika na kupona vibaya. Akaijua. Akajaribu kuongea, ulimi ukapita kwenye pengo la jino ambalo yeye hajawahi kuwa nalo.

Nani anapanda? Mimi. Wewe nani? Fundi. Unakwenda kufanya nini? Kulinganisha. Kilichozidi ni nini? Ni mimi. Kilichopungua ni nini?

Kipandio cha saba. Giza la dari.

Sikitu, hivi inawezekana.

Usianze, Mbaruku.

Hivi inawezekana mtu kumpa mwenzake kila alicho nacho.

Usianze. Nilikuwa nacheka. Miaka yote nilikuwa nacheka kwa sababu nilijua jibu na sikutaka kulisikia. Pumzi niliyoitunza ni ya nani? Nimeivuta, nimeitoa, nimeivuta tena. Mwanahawa ameivuta. Mtoto ameivuta. Kama ni yako, tumekula mali ya marehemu. Kama ni yetu, wewe uko wapi?

Kipandio cha tisa, na kingine, na kingine.

Pafu lilikuwa pale, sanduku tu. Akafungua kifuniko, akaingiza mkono kwenye koo la mdomo wa kutolea, akakutana na koti. Aliliingiza likiwa jepesi, kavu, limejaa jasho na tumbaku ya mwenyewe. Alitegemea harufu hiyo, alifumba macho kuingoja kabla haijafika. Akavuta. Halikuja. Akavuta kwa mikono yote miwili, na likaja zito, kama mtu anayeburutwa. Lilikuwa limelowa. Maji yalimchuruzika hadi viwikoni, na yalikuwa maji ya nini kama si ya pumzi zao wenyewe, za nyumba nzima, zilizopanda kutafuta mlango, zikagonga kitambaa, zikageuka matone. Mifuko yote minane ilikuwa imejaa.

Akalileta puani.

Halikuwa na harufu ya Mbaruku. Lilinuka ukungu. Lilinuka kama tambara la kudekia lililosahaulika nyuma ya mlango, na wahenga walishasema, la kuvunda halina ubani. Akalinusa chini ya kwapa, akalinusa kwenye kola, akageuza mifuko ndani nje, mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata kidogo. Hakuwamo. Hakuwamo tangu lini? Alikuwa amekaa mlangoni akilinda pumzi yake mwenyewe.

Sikitu alilia huko juu kwa sauti ambayo hakuitoa msibani. Chini, Songoro aliikaza ngazi akatazama ukuta.

Kisha wakamsikia. Alikohoa kwanza, akasafisha koo, kama mtu anayetaka kuongea mbele ya watu.

"Nenda," alisema. Muda ukapita. "Utuachie joto."

Na nyumba ikashusha pumzi. Mwanahawa aliapa baadaye kwamba sakafu ilitikisika. Ile hewa yote iliyojazana kwenye pembe, chini ya vitanda na ndani ya kabati, ikainuka kwa pamoja, ikapanda, ikapita. Mapazia yakavutwa juu, unyoya wa Songoro ukachomoka mkononi mwake, ukaruka, ukaganda kwenye wavu wa mdomo wa kutolea ukitetemeka. Mlangoni mluzi ulipanda mara moja, ukapanda mara ya pili. Wote watatu wakasubiri sauti ya kushuka.

Haikuja.

*

Sikitu alishuka vipandio tisa, hakuna zaidi. Hakumtazama mtu. Alivuka chumba na koti mkononi, akafungua mlango, akatoka nje kwenye mwanga wa asubuhi bila hata kujitanda. Barafu nyembamba ilikuwa imelala juu ya majani. Akazunguka nyumba hadi ukuta wa nyuma, mahali ambapo mdomo wa kutolea unafunguka upande wa dunia, kwa sababu alitaka angalau kumsindikiza. Alidhani atakuta mvuke, wingu, kitu cha kukiaga. Hakukuwa na wingu. Hewa ilikuwa inatoka kwa utulivu, haionekani, na alijua inatoka kwa vile ukoka uliokuwa mbele ya mdomo ulikuwa unatikisika kidogo.

Akaweka kiganja pale. Ilikuwa baridi.

Ilikuwa baridi kabisa, kama ya nje, haikuwa na vuguvugu hata la kupasha ncha ya kidole. Alibadilisha mkono, akaweka shavu. Alisimama hapo mpaka masikio yakamuuma, akipekua ile hewa kama alivyopekua mifuko, na polepole likamjia lile jambo la karatasi alilosimuliwa miaka thelathini na kitu huku akipakua ugali na kuitikia bila kusikiliza. Hewa inayotoka ikiwa na joto ni hewa iliyoondoka nalo. Hii haikuwa na kitu. Huyu aliyekuwa anapita kiganjani mwake alikuwa ameacha vyote ndani.

"Inawezekana," alimwambia. "Umesikia? Inawezekana."

Hakuna aliyecheka. Alitundika koti kwenye kamba ya nguo, likaning'inia likidondosha maji.

Ndipo akasikia, kupitia ukuta uliozibwa usipitishe hata sisimizi, sauti ambayo mwanzo hakuijua, yenye hasira, yenye nguvu, isiyo na noti tatu wala mbili, kilio cha mtu mwenye njaa anayeona amecheleweshwa. Mwanahawa alikuwa anaita, "Mama! Mama, njoo! Njoo uweke mkono hapa juu ya kitanda, usikie!"

Sikitu akaipangusa mikono kwenye nguo yake, akaingia ndani haraka, na akafunga mlango nyuma yake, joto lisitoke.